Katushi za Mwalimu wa Kwaya

Kabla hajakusalimu, Mwalimu wa kwaya alikuuliza kitanda chako kiko upande gani.

Aliwauliza akina mama waliorudi kutoka shifti ya usiku na macho mekundu. Aliwauliza wazee mlangoni mwa kanisa. Aliwauliza mabinti, na kwa kuwa aliwauliza mabinti, maneno yalizuka. Mama mmoja wa ghorofa ya juu, mwenye binti aliyefikia kuolewa, alipika wali na kuku, akavaa kitenge chake cha sherehe, akakaa kungoja wajumbe wa posa. Posa haikuja. Alikuja Mwalimu mwenyewe na utepe wa kupimia, akapima kutoka kitanda cha yule binti hadi ukutani, akapiga magoti kutazama uvunguni, akala kuku kwa sababu kuku alikuwepo, akashukuru na kuondoka.

"Donc huyu mwanaume anaoa binti ao anaoa kitanda?" yule mama alitusimamisha ngazini kutuuliza, kwa Kiswahili chetu cha Kivu chenye Kifaransa ndani.

Sababu ya swali lile la vitanda ilikuwa bunduki. Lakini ukianza na bunduki utamkosa mtu, na mimi ninamtaka mtu. Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Wanaomjua wanajua; wasiomjua nisiwapeleke bure kwenye ukungu wa milima ya Kivu Kusini. Nitaanzia ukutani, maana ndiko nilikomjulia.

Tuliishi ugenini kama wakimbizi, Highview, kusini mwa jiji la Louisville, kwenye majengo ya matofali mekundu yanayofanana kama vikombe vya seti moja. Ukuta wa chumba chake cha kulala ndio ulikuwa ukuta wa chumba cha dada yangu, ambaye alikuwa na mtoto mchanga aitwaye Elia. Kuuita ukuta ni kuupa heshima tu. Zilikuwa mbao mbili za jipsamu na hewa katikati, zimepakwa rangi ya maziwa. Kwa nje, tofali. Kwa ndani, karatasi. Jengo lilikuwa kama mtu aliyevaa koti zito bila shati.

Mwalimu alifanya kazi ya usiku kwenye ghala, akipanga maboksi, na mchana alilala. Yaani alijaribu kulala, kwa sababu masikio yake hayakuwa na kope. Alisikia kila kitu na kila kitu alikipa noti yake. Friji yetu iliimba re. Mabomba ya maji yalipanda kutoka do hadi la, yakashindwa hapo. Na Elia alipolia, sauti ilitujia kupitia jipsamu, tulivu kama ya mtu aliyeketi nasi mezani:

"Mama Elia! Ule mutoto analia ku fa. Ile ni njaa. Akilia ku sol, ile njo tumbo."

"Asante, Mwalimu," dada alijibu, naye bila kuinua sauti. "Na wewe jana umekoroma ku do."

"Do ya chini?"

"Ya chini kabisa."

"Bon. Basi niko muzima."

Elia alipokataa ziwa, akakataa kubebwa, akakataa kila kitu, Mwalimu alimwimbia kutoka upande wa pili. Haukuwa wimbo wenye maneno. Zilikuwa noti chache tu zinazoshuka taratibu, kama mtu anayeteremka kilima bila haraka, kisha moja inayopanda mwishoni kana kwamba amekumbuka kitu nyumbani. Mtoto alinyamaza, akageuza kichwa kuelekea ukutani. Wapo watoto waliolelewa na bibi zao. Huyu nusu yake alilelewa na ukuta.

Kwaya aliiongoza kwa mwiko. Si fimbo ya kwaya, mwiko wa kusongea ugali, mweusi upande mmoja kwa kuungua. Alisema fimbo ndogo huonwa na soprano peke yao, kwa kuwa ndio wanaotazama, lakini mwiko huonwa hata na besi. Mimi nilikuwa alto. Alto, alisema, ni watu wanaoshika nyumba wakati wengine wamekwenda kutembea. Kuhusu besi alikuwa na msemo mmoja ambao baadaye tuliukumbuka wote: "Kuta za hapa zinazuia wembamba, hazizuii uzito." Na kweli, jirani zetu hawakulalamika hata siku moja juu ya soprano zilizopasua hewa. Walilalamika juu ya besi. Besi ilipita ukutani ikatikisa vikombe vyao.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Aliweza kuwakaripia watu arobaini kwa kukosa nusu noti, lakini hakuweza kumkaripia paka. Puto lilipopasuka kwenye arusi moja, alilala chali katikati ya ukumbi na suti yake ya kijivu, mwiko kifuani, huku kwaya ikiendelea. Alipoona hakuna aliyekufa alinyanyuka akaendelea kuongoza kuanzia kipande kile kile, hakukosea. Fataki za sikukuu ya taifa la huku, mwezi wa saba, alizisikilizia bafuni, akiimba kwa sauti kubwa kuzishinda. Hakuna aliyemcheka kwa hilo. Wengi wetu tulikuwa bafuni mwetu.

Na mlango wake haukufungwa kwa ufunguo. Hili ndilo lililozaa yote. Kwake, mlango uliofungwa mchana ni tusi kwa mgeni ambaye bado hajafika. Sisi hatupigi simu kabla ya kutembeleana; tunafika. Basi alilala mchana na mlango umerudishwa tu, na thermos ya chai mezani pamoja na vikombe, ili atakayekuja ajihudumie bila kumwamsha.

Aliyekuja siku moja saa za adhuhuri alikuwa mwizi. Mwalimu alisikia mlango, akasikia hatua, na katikati ya usingizi akafanya alivyolelewa.

"Karibu," akaita kutoka chumbani. "Chai iko pale."

Mwizi akachukua kinanda cha kwaya. Akachukua na thermos.

"Ulimukaribisha!" mke wake, Mama Riziki, alilia jioni ile, amesimama mlangoni na sare yake ya kazi. Yeye alihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wagonjwa, na sauti yake ilikuwa imezoea watu wasiosikia. "Mwizi ameingia, wewe unamupa chai!"

"Sasa ningejuaje? Alitembea kama mutu wa teno."

"Nunua komeo."

"Komeo inafukuza mwizi, inafukuza na mugeni. Bunduki inachagua."

Neno lile halikuwa dogo kwetu tuliokuwepo. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kukimbia kwa sababu yake. Dada yangu alimuuliza polepole kama amesahau. Mwalimu alitazama mahali kinanda kilipokuwa, kwenye zulia palibaki alama ya miguu yake minne.

"Sijasahau. Nimeikimbia maisha yangu yote, iko nyuma yangu kila siku. Nataka mara moja ikae mahali ninaiona."

Ikanunuliwa. Ilikuwa bunduki ya marisaa, yenye kutawanya punje za risasi, ile ambayo wawindaji wetu nyumbani waliiita kalibre kumi na mbili, ya kusukuma kwa mkono mbele na nyuma. Mama Riziki alikubali kwa sharti: itakaa tupu ndani ya kasha la chuma, na katushi zake zitakaa kwenye kasha jingine, na ufunguo wa kasha la katushi utakaa kwake. Aliutundika kwenye kamba ya kitambulisho chake cha kazi. Kwa hiyo mchana, wezi wanapokuja, katushi zilikuwa zimefungwa na ufunguo wake umekwenda kumbadilishia mzee wa watu mashuka. Mwalimu hakuona kasoro. Alisema bunduki yenye mke haina haraka.

Katushi ni kigamba cha plastiki chenye kitako cha shaba. Ndani yake unaweza kukuta marisaa mamia, madogo kama ulezi, au machache makubwa kama mbegu za mpapai, au kipande kimoja tu cha risasi, kizito kama dhambi. Nyumba moja inaweza kulindwa na moja ya hizo na kuuawa na nyingine. Lakini hayo tulikuwa bado hatujayajua, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni watu wetu peke yetu wangeweza kulifanya.

Tulikwenda kuipongeza bunduki.

Kwetu mtu akinunua gari, tunakwenda kulipongeza. Akipata nyumba, tunakwenda. Hatuendi mikono mitupu. Basi Jumapili baada ya ibada watu walifika na soda, na sambusa, na kwa kuwa mwenye kitu kipya hupewa kinachokifaa, walifika na katushi. Zinauzwa dukani karibu na viatu vya mpira na nyavu za kuvulia samaki. Kila mtu alichukua iliyompendeza. Akina mama walichanga wakanunua boksi lenye picha ya bata, kwa sababu bata alikuwa mzuri. Vijana walileta boksi jeusi lenye picha ya radi. Kiongozi wa teno alileta za kalibre ishirini, za njano, akaziweka mezani kwa fahari.

"Wote wameleta kumi na mbili," alisema. "Mimi nikaona Mwalimu wetu si mutu wa kumi na mbili."

Mchungaji alikuja mwisho, kama inavyompasa mchungaji. Aliombea kasha. Akatoa katika mfuko wa koti boksi dogo zito na kuliweka juu ya yote.

"Ndani ya kila moja kuna risasi moja tu," alisema. "Moja, kama imani. Inapita kila kizuizi."

"Amina," tukasema.

Mwalimu alichukua katushi moja moja, akazitikisa sikioni. Ya bata ilinong'ona kama kayamba. Ya radi iligonga kama meno kwenye baridi. Ya mchungaji haikusema kitu. Niliuona uso wake ukibadilika, naye akageuka kuutazama ule ukuta wa maziwa ambao nyuma yake Elia alikuwa amelala, akipumua kwenye la.

"Baba Mchungaji," aliuliza, "unasema inapita kila kizuizi?"

"Kila kizuizi."

"Bon," akasema Mwalimu. "Asante sana, Baba."

Zawadi kwetu hairudishwi. Na zawadi isiyotumiwa ni zawadi iliyotukanwa. Tangu siku ile kila aliyekutana naye aliuliza jambo moja. Kwenye maegesho: "Mwalimu, yetu ya bata iko ndani?" Katikati ya mazoezi: "Mwalimu, ishirini umeijaribu?" Mchungaji, akitoka madhabahuni, akimshika mkono kwa mikono miwili: "Ile yangu iko ndani?" Maskini yule alikuwa na wezi upande mmoja, na waumini upande mwingine, na kati yao mtoto anayelia fa.

Mwishowe aliniomba nimpeleke kwenye uwanja wa shabaha, nikatafsiri. Tulibeba zawadi zote ndani ya begi la nguo za kwaya. Pia alibeba unga wa muhogo, mfuko mzima, bila kunieleza ni wa nini. Mkufunzi wa pale alikuwa Mkentaki mnene, mpole, mwenye ndevu za rangi ya nywele za mahindi. Alimwaga begi juu ya meza, akatutazama, akauliza kama tunajiandaa kwa vita au kwa maonyesho.

Kwanza alizitenga zile za njano. Alimwonyesha Mwalimu namba iliyochongwa kwenye mtutu, kisha namba kwenye katushi: kumi na mbili kwa kumi na mbili, na urefu wa katushi usizidi ulioandikwa pale pale. Katika bunduki hizi, alisema, namba ikikua kitu kinapungua. Ishirini ni ndogo. Ukiitia humu itateleza ndani ya mtutu ikwame, nawe hutaiona. Ukitia kubwa nyuma yake na kufyatua, mtutu utapasuka usoni mwako.

Nilipomaliza kutafsiri, Mwalimu alizifunika zile za njano kwa leso, kama mtu anavyomfunika maiti.

"Teno," alisema. "Siku zote teno."

Kisha akaeleza anachotaka. Mkufunzi alikuwa na fremu za mbao zilizopigiliwa jipsamu, alizowaonyeshea watu wa apatimenti kama sisi. Alizipanga moja nyuma ya nyingine kama vyumba. Mwalimu alikwenda mwenyewe nyuma ya ukuta wa kwanza, akainama, akaweka mfuko wa unga chini, akausogeza kidogo kushoto, akarudi akautazama, akaenda tena akausogeza. Hapo ndipo nilipoelewa. Mahali pale palikuwa mahali pa kitanda cha Elia.

Walianza na ya mchungaji. Bunduki ilinguruma, jipsamu ikatoboka tundu safi, na ya pili, na ya tatu, na mfuko ule ulilipuka ukawa wingu jeupe. Mkufunzi alisema kitu. Sikutafsiri, hakukuwa na haja. Tulikung'uta unga uliobaki tukaufunga upya kwenye mfuko mwingine. Ya radi nayo ilipita, ikaacha matundu yake machache mapana, na unga ukamwagika kama maji. Tukaufunga tena upya.

"Sasa ya akina mama," alisema. "Ile ya bata. Ile haiwezi kumudhuru mutu."

Ya bata ilipigwa. Jipsamu ya mbele ilichimbika vibaya. Tulizunguka nyuma, na mwanzoni tulidhani mfuko umepona. Ulikuwa umesimama wima. Kisha tukaona uzi mwembamba wa unga ukitoka ubavuni, na mwingine, na mwingine, bila sauti, ukijikusanya chini kama vichuguu vidogo. Mwalimu alipiga magoti. Aliziba tundu moja kwa kidole. Unga ukaendelea kutoka kwenye mengine.

Mkufunzi alimwacha kidogo, kisha akasema polepole ili nimtafsirie vizuri. Katushi inayotosha kumsimamisha mtu mzima haitasimama kwa ajili ya jipsamu. Ile ndogo hupungua nguvu upesi, ndiyo, lakini haitamzuia mwizi mwenye koti kwa uhakika, na ukutani kama huu bado itapita. Yeye nyumbani kwake hutumia marisaa makubwa yaliyotiwa baruti ya kiasi, hayampigi sana mtu begani na anajua yanakwenda wapi. Lakini kwanza hujifungia chumbani na kuwaita polisi. Na kabla ya kuuliza upige kwa katushi gani, jiulize nani amelala nyuma ya unachokipiga.

Njiani kurudi Mwalimu hakuimba. Tulipofika, alimpigia hodi yule mama wa ghorofa ya juu, akaomba kujua kitanda cha binti yake kiko upande gani.

Alipita mlango kwa mlango wiki nzima. Alirudi na ramani kichwani: huku analala Elia, kule mzee mwenye kisukari, juu binti, na nyuma ya bafu mtu wa Burundi ambaye vitanda vyake vilikuwa vinne kwa kuwa binamu zake hawakuisha kuwasili. Katika nyumba nzima palibaki upande mmoja usio na usingizi wa mtu. Ulikuwa ukuta wa nje wa jikoni, nyuma ya friji: tofali, na nyuma ya tofali kilima cha udongo ambacho jengo lilichimbiwa. Basi alihamisha kitanda chake cha ndoa hadi pembe ya chumba, mahali ambapo mtu akikaa na kutazama mlango wa chumba anaona korido, mwisho wa korido friji.

Mama Riziki alisimama akaitazama hiyo njia kwa macho yake.

"Donc mwizi akija, friji yangu njo itakufa."

"Friji haina mama," Mwalimu akajibu.

Akanunua boksi moja la yale marisaa makubwa ya baruti ya kiasi, kumi na mbili kwa kumi na mbili, akaenda uwanjani kuyajaribu, akaridhika. Kuchagua kumekwisha, tukadhani. Zilibaki zawadi.

Hizo zilimalizwa na shemeji yake wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, kaka wa Mama Riziki, ambaye kazini alikuwa amefundishwa na wenzake kuwinda swala wa huko. Mwalimu alimpelekea begi zima. Ya mchungaji, alisema shemeji, ndiyo hasa ya swala, mahali penye shamba kubwa na hakuna chumba cha mtu. Ya bata ilikuwa ya bata. Hata za njano zilipata mwenyewe. Shemeji alikuwa na bunduki ndogo ya ishirini ya sungura. Kwaya ilipokwenda Columbus kuimba, tulikaribishwa kwake, ndege zikipita juu ya paa moja baada ya nyingine katika re, tukala ugali na nyama ya mwitu iliyochemshwa kwa nyanya. Mwalimu alisimama na mwiko.

"Zawadi zenu zote zimefanya kazi," alisema. "Akina mama, hawa njo bata. Teno, ule sungura ni wako, usimupe mutu. Baba Mchungaji, ile swala ni—"

Mchungaji aliacha kutafuna. Aliingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kibanzi cha risasi, kijivu, chenye mchuzi.

Alikiinua, sote tukakiona.

"Baba uliniuliza kila Jumapili kama iko ndani," Mwalimu alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Sasa iko ndani."

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka hadi akashikwa mabega. Kibanzi alikifunga kwenye leso. Nadhani bado anacho.

Ningependa hadithi iishie hapo, watu wameshiba. Lakini kulikuwa na lile komeo.

Hakulinunua. Baada ya vipimo vyote, baada ya unga na utepe na friji, mlango wake mchana ulibaki umerudishwa tu, na thermos mpya mezani. Wezi walipoanza kuvunja magari kwenye maegesho, Mama Riziki aliogopa, akavua ufunguo kwenye kamba yake asubuhi moja akamwachia. Elia wakati huo alikuwa amejua kutembea na alikuwa anatujaribu sote kwa ujuzi wake mpya.

Jioni ya siku hiyo tulisikia hodi. Ilitushangaza, kwa kuwa Mwalimu hakuwa mtu wa kupiga hodi kwetu, alipiga ukuta. Alisimama kizingitini, hakuingia. Alimweleza dada yangu, bila kujitetea, akimtazama usoni.

Alikuwa amelala. Alisikia mlango. Safari hii hakusema karibu. Alifungua kasha, akafungua na la pili, akatia katushi, akakaa kwenye ile pembe kama alivyofundishwa, mdomo wa bunduki chini, kidole nje. Korido ilikuwa tupu, friji mwisho. Hatua zilikuwa zinakuja, nyepesi, za mtu anayenyata. Akaanza kuinua. Na hapo akasikia wimbo. Noti chache zinazoshuka taratibu, kisha moja inayopanda. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, unatembea, unamjia. Mtoto akatokea kwenye korido, mbele ya friji, mahali pale pale pekee ambapo hapakuwa na mtu.

"Nilipima kuta zote," Mwalimu alisema. "Mulango sikuupima."

Dada yangu alimvuta Elia akamkumbatia, ingawa alikuwa pale pale miguuni pake, hajui lolote, anatafuna kipande cha mkate alichoiba mezani kwa Mwalimu. Kisha akampiga Mwalimu bega kwa kiganja, kwa nguvu, mara nyingi, akilia. Naye alisimama akapokea. Dada alipochoka alimwambia:

"Ingia, unywe chai."

"Siingii," Mwalimu alisema. "Naenda dukani kabla halijafungwa."

Usiku ule jengo zima lilisikia akitoboa mlango kwa keekee. Mtu wa Burundi aligonga ukuta kulalamika. Hakuna aliyewahi kufurahia kelele kama nilivyofurahia ile.

Baadaye Mama Riziki alipata kazi Buffalo, kwa dada zake, wakahama. Miaka ilipita. Mwalimu aliniambia kwa simu kwamba bunduki anayo bado, kashani, tupu, na ufunguo wa katushi umerudi kwenye kamba ya mke wake. Boksi ni lile lile. Alisema pia ana kwaya mpya, na kwamba besi za huko zimezoea theluji, haziinuki.

Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda kumwona, na Elia akataka kunifuata. Sasa ni mvulana wa shule mwenye miguu mirefu, ukimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza. Tuliteremka kwenye basi Lower West Side upepo wa ziwa ukitukata masikio. Nyumba ilikuwa ya mbao, ya zamani, wao juu na familia nyingine chini. Tulipanda ngazi za nje zilizomwagiwa chumvi. Mlango ulikuwa na makomeo matatu, niliyahesabu kwa vitasa vyake. Nikabisha.

"Nani?" sauti iliuliza ndani.

"Ni sisi, Mwalimu."

"Sisi njo nani? Imba."

Nilidhani anatania. Mama Riziki akapaza sauti kutoka mbali zaidi, kwa ile sauti yake ya wazee wasiosikia: "Imba tu, mwanangu! Hata mutu wa posta anaimba! Utagandia huko!"

Basi nikaimba, kwenye baridi ile, kipande changu cha alto, mvuke ukinitoka kinywani. Majirani wa chini walifungua pazia, wakatazama, wakalifunga, walikuwa wamezoea.

"Alto wa Louisville," sauti ilisema. "Umeshuka ku mi, lakini ni wewe. Bon. Na uko na mutu. Ninasikia anapumua. Aimbe na yeye."

Nilimwambia Elia aimbe. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba hajui nyimbo zetu, kwamba vidole vyake vya miguu vimekufa, na kwamba huyu mtu ana wazimu. Nilitaka kuita jina la mtoto yaishe, lakini sijui kwa nini, sikuita. Elia aliegemea mlango, akaingiza mikono kwapani, akatazama theluji inavyojipanga juu ya nyaya za umeme. Na kama afanyavyo akichoka kungoja, ndani ya gari, kwenye foleni, mahali popote, bila kujua alipoutoa, akaanza kuguna ule wimbo. Noti chache zinazoshuka.

Komeo la kwanza likafunguka. La pili likafunguka. La tatu lilichelewa, kwa maana aliyekuwa akilifungua alikuwa ameshaanza kuimba, na besi yake ilikuwa imepita ubaoni ikatufikia kifuani kabla ya mlango.